Kaburi la Mama Mizinga Lina Mtu

Kama wiki iliyopita muuzaji alikufungia maandazi kwa ukurasa huu kabla hujausoma, pole, nakurudisha mwenyewe. Tulimwacha Pudensiana, mwandishi wetu wa tamthilia, amesimama ukingoni mwa kaburi pale Kasokola, skripti mkononi, kamera zimeshasimikwa, kwaya imeshapangwa. Kaburi lilikuwa la kuigizia na lilitakiwa kuwa tupu. Ndani yake ikatoka sauti ya mwanamume, imetulia kabisa:

"Mwandishi, shuka tuongee."

Waliokuwa karibu walitoka mbio. Kwaya nzima iliyokodiwa kutoka mjini Mpanda iliingia kwenye shamba la mahindi na vitabu vyake. Padri wa kuigiza ndiye aliyetangulia, kanzu kaipandisha mpaka magotini, na kumbuka huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuwafariji wengine. Pudensiana hakukimbia. Msimsifie bure, ni miguu tu iligoma.

Akainama, akachungulia. Chini kule, juu ya kigoda, alikuwa amekaa mzee Manyanda, fimbo ya kuchungia kailaza mapajani, chupa ya kijani ya chai pembeni, anamenya karanga. Maganda alikuwa anayaweka ndani ya kofia yake, maana ni mtu wa usafi.

"Shikamoo, mtani," Pudensiana akasema, kwa sababu hata ukishtuka vipi adabu haikimbii.

"Marahaba. Naona mnazika."

Sasa ngoja nikueleze kwa nini Pudensiana hakucheka, wakati mimi na wewe tunacheka.

Msimu wa kwanza wa *Mizinga Arobaini*, tamthilia ya Mama Mizinga mfuga nyuki, aliuandika yeye, neno kwa neno, kwenye chumba chake cha Ilembo, kuku wakiingia na kutoka. Siku ya kuonyeshwa, jumuiya nzima ilijazana kwa shangazi yake, Emerensiana, kule Inyonga, kuja kuona jina la mtoto wao kwenye televisheni. Majina yakaanza kupanda. La mpishi lilikuwepo. La dereva lilikuwepo. Hata la mwenye jenereta lilikuwepo. Palipotakiwa kuandikwa mwandishi, paliandikwa Respicius, kijana mmoja wa Dar ambaye kazi yake ilikuwa kusahihisha tu. Jirani mmoja mwenye huruma akamwambia Shangazi kwamba huenda ndilo jina la ubatizo la Pudensiana.

Pudensiana alilia siku mbili. Ya tatu akaoga, akaanza msimu wa pili.

Safari hii prodyuza alimpa neno la mkato. Sehemu ya mazishi ya Mama Mizinga ikikamilika leo, jina litakaloandikwa ni lake. Isipokamilika, msimu uliobaki unakwenda kwa Respicius, na jina pia. Tena kulikuwa na haraka nyingine: Getrude, mwigizaji anayecheza Mama Mizinga, alikuwa amepata kazi kwingine na treni yake ya Tabora ilikuwa inaondoka saa tisa alasiri. Ilishatimu saa sita na nusu. Getrude mwenyewe alikuwa tayari ndani ya jeneza, kapakwa poda, kawekwa pamba puani, anauliza kwa sauti ya mafua kuna nini huko nje.

Mwongozaji, Denis, akaja anakimbia. Denis ni yule bwana wa Dar anayevaa spika za masikioni shingoni hata akiwa anakula. Akachungulia kaburini, akamtazama Manyanda, akamtazama Pudensiana, akataka kujua huyu mzee ni ekstra wa kujazia umati au ni mgonjwa.

Pudensiana akaeleza kwamba huyu ni mtani wa familia yao.

Hapo tena kosa lilikuwa la watu wa Denis wenyewe. Walipofika Kasokola waliuliza nani anachimba kaburi zuri, wakatajiwa Manyanda na wanawe, wakamkabidhi kazi, kwisha. Hakuna aliyeuliza Manyanda ni nani kwa mwandishi. Na Manyanda, ndugu yangu, ni mtoto wa Malale, yule Msukuma ambaye ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wa babu yake Pudensiana kule Mpimbwe. Wazee wale wawili walitukanana kutwa nzima mpaka matusi yakawaishia, wakaanza kucheka. Tangu siku hiyo, Wapimbwe wale na Wasukuma wale ni watani, na hakuna mtu wa ukoo aliyezikwa bila mtani kuziba kaburi mpaka likombolewe kwa zawadi.

Babu mwenyewe alipofariki, Manyanda aliingia kaburini akapima kwa fimbo, akatangaza kwamba shimo ni fupi, marehemu akatwe magoti. Mama yake Pudensiana, ambaye alikuwa hajala wala kusema kwa siku tatu, alicheka. Jioni ile alikula uji. Pudensiana alikuwa na miaka tisa, na mpaka leo akiulizwa lini alijua maneno yana nguvu, husema ni siku ile.

Denis akasema utani anaujua, lakini ni wa misiba ya kweli. Hapa hakuna aliyekufa.

"Kaburi ni la kweli," Manyanda akajibu kutoka chini. "Nimelichimba kwa mikono hii. Kama hapa hamna msiba, basi lile sanduku pale ni la nini, la kuwekea mchele?"

Denis akaingia kwenye mapatano. Akatoa kreti ya soda. Mzee akasema soda inampa kiungulia. Akatoa mbuzi. Mzee akauliza, kwa upole mkubwa, kama Denis anajua anaongea na mtu mwenye ng'ombe wangapi. Akatoa kofia ya tamthilia yenye maandishi nyuma. Mzee akaipokea, akahamishia maganda ya karanga humo, akaendelea kukaa.

Hasira zikampanda Denis. Akaamuru lichimbwe kaburi jingine pembeni, chap chap. Wanawe Manyanda wakaweka majembe chini. Wakamweleza kwamba kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, lazima kizikwe kitu, hata mgomba. Na makaburi mawili siku moja kwenye uwanja mmoja, la pili litakuwa la nani? Wakasema hivyo wakimwangalia yeye. Denis akakohoa kidogo, akaenda kunywa maji.

"Mwandishi," Manyanda akaita. "Nisomee palipo na watani."

Pudensiana akafungua skripti, ingawa alijua vizuri kilichomo. Padri alikuwepo. Kwaya ilikuwepo. Wali ulikuwepo, na wanawake wa kuupika, na mwenyekiti wa kijiji wa kusoma wasifu wa marehemu. Mtani hakuwepo hata mmoja.

"Sijaandika," akasema.

"Hujaandika, au umefuta?"

Joto likampanda usoni. Alikuwa ameandika, kurasa nne, na ndizo alizozipenda kuliko zote. Ijumaa Respicius akamtumia ujumbe kwamba msiba uwe wa huzuni, watani wataonekana walevi, watazamaji wa mjini hawatawaelewa. Pudensiana hakubisha hata kidogo. Alibonyeza, zikafutika. Alitaka jina. Kwa ajili ya jina akamfuta mtu aliyemchekesha mama yake, na sasa mtu huyo amekaa shimoni anamsubiri ajibu. Aibu ilimkamata mpaka masikio.

"Nimefuta, mtani. Nisamehe."

"Nyie Wapimbwe," Manyanda akasema, "hata kuzika mnataka kuzika kizungu." Kisha akanyoosha mkono kuchukua chai.

Ile chupa ya chai sasa. Pudensiana akaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ya kijani, imepauka, mpini umevunjika ukafungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Alikuwa ameufunga mwenyewe mpira ule, Krismasi iliyopita, Inyonga.

Aha.

Akanyanyuka polepole. Kwaya ilishatoka kwenye mahindi, na waombolezaji wa kukodi walikuwa wamesharudi nao, wamekaa kwenye mikeka, wanafanya mazoezi ya kulia. Mkeka wa tatu alikuwepo mama mmoja kajifunika kitenge gubigubi, analia kwa ufundi kuliko wote, na katikati ya kilio anatafuna kitu.

"Shangazi," Pudensiana akasema, "funua uso."

Kilio kikakata. Kitenge kikashuka. Shangazi Emerensiana, mfuga nyuki wa Inyonga, mwanamke ambaye kila mtu kutoka Mlele mpaka Mpanda anajua kwamba ndiye Mama Mizinga mwenyewe, akameza karanga yake taratibu.

"Nimekuja kujizika," akasema. "Kuna ubaya?"

Pudensiana akamvuta nyuma ya banda la tumbaku, na hapo Shangazi akamwaga yote. Alisema tangu tamthilia ianze, kondakta wa basi anampa kiti cha mbele bila kuombwa. Wateja wanakuja kupiga picha na ndoo zake za asali. Mwanamke aliyekuwa hamsalimii miaka sita kanisani sasa anamuita Mama Mizinga na kumshikia mwavuli. Sehemu ya juzi, Mama Mizinga alipoanguka kutoka mtini na mzinga wake, watu watatu walikuja nyumbani kwa Shangazi kumpa pole, mmoja na kuku.

"Na yule kuku nimeshamla," Shangazi akasema. "Leo ukinizika, nitawaangaliaje? Nitakuwa nani tena pale Inyonga? Ntarudi kuwa yule mama wa asali."

Kwa hiyo ni yeye aliyempigia Manyanda, ni yeye aliyepika chai, na kigoda ni chake. Alipanga kaburi lizibwe mpaka treni imchukue Getrude. Bila maiti hakuna mazishi.

Pudensiana akakaa chini kwenye udongo na nguo zake za kazi. Akamweleza Shangazi kuhusu jina. Hakuwa amemwambia kabla, alitaka kumshtukiza siku ya kuonyeshwa. Kwamba leo wakimaliza, jina litapanda, jumuiya itajazana tena sebuleni, na safari hii hakuna jirani atakayemtafutia ubatizo mwingine. Wasipomaliza, ni Respicius mpaka mwisho, na yeye hataandika tena, atakwenda kulima mpunga kama ndugu zake.

Macho yakamkimbia Shangazi upande, kama mtu aliyekumbuka sufuria aliloliacha motoni. Pudensiana akadhani ni huzuni. Wewe msomaji kumbuka macho hayo.

"Jina leo?" Shangazi akauliza. "Leo hii hii?"

"Leo, Shangazi."

"Basi zika," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Ila nizike vizuri. Mrudishe mtani wetu."

Saa saba ilikuwa imeshapita. Pudensiana aligeuza debe, akakalia, akageuza karatasi za skripti upande mweupe, akaanza kuandika kwa peni ya kuazima. Kurasa nne zile zilikuwa kichwani bado, zilitoka haraka kuliko alivyotarajia. Manyanda alikuwa anamwelekeza kutoka kaburini. Akitaka mstari urefushwe, anagonga fimbo. Denis alizunguka akilalamika kwamba prodyuza hajapitisha, kwamba utaratibu hauko hivyo, mpaka alipotazama saa yake. Akasema sawa, tupige.

Wale mnaotoka misiba ya kisasa yenye maturubai na spika, niwakumbushe kitu. Mtani haishii kuziba kaburi. Anavaa nguo za marehemu. Anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, anadai madeni yake, anawasema waliomchukia, mpaka wafiwa wasijue wacheke au walie. Hicho ndicho Pudensiana alichoandika.

Kamera zikawaka. Manyanda akapanda kutoka kaburini amevaa kitenge cha Mama Mizinga, kopo la moshi wa nyuki mkononi, kiuno kakitupa kushoto, kidevu juu. Akaenda mkeka kwa mkeka akinusa vichwa vya watu na kuwaambia nani anaiba asali na nani anaichanganya na sukari guru. Waombolezaji walianza kuuma midomo. Mmoja akashindwa, wakashindwa wote. Wanawake wa Kasokola walicheka huku machozi ya kweli yanawatoka, kila mmoja akimkumbuka wake. Pudensiana, nyuma ya kamera, alimkumbuka mama yake na bakuli la uji, akajikuta analia waziwazi.

Manyanda akanogewa. Akazidisha kiuno.

"Mimi sitembei hivyo."

Watu wote wakageuka. Shangazi Emerensiana alikuwa amesimama kwenye mkeka wake, mikono kiunoni, moto umemuwaka. Pudensiana akampungia mkono akae. Wapi. Shangazi akaingia katikati ya kamera, akamnyang'anya Manyanda kopo la moshi, akatangaza kwamba atawaonyesha anavyotembea, akatembea.

Alitembea vilevile. Kiuno kushoto, kidevu juu, kila kitu.

Kwaya ya mjini haikuwa inamjua Shangazi. Wao waliona maiti iko sandukuni na mwenyewe huyo anatembea na kopo la moshi. Wakarudi kwenye mahindi, padri mbele. Getrude naye, ambaye alikuwa amevumilia kelele zote macho kayafumba, uzalendo ukamshinda. Akanyanyua kichwa jenezani achungulie. Akakutana uso kwa uso na Mama Mizinga mwingine. Akarudi chini, akajifunga mfuniko mwenyewe.

Denis hakusema kata. Alikuwa kashika kichwa, mdomo wazi, anapiga hatua ndogo ndogo za furaha. Aliposema kata hatimaye, alimkumbatia Pudensiana mpaka spika za shingoni zikadondoka. Akasema nchi nzima itauliza wiki nzima yule aliyetembea ni nani, ni mzimu, ni pacha, ni nani. Akasema Respicius hawezi kuandika hivi hata afungiwe ndani na asali.

Saa nane na nusu Getrude alipandishwa bodaboda kuelekea stesheni, poda usoni, pamba bado puani. Dereva alipotazama kwenye kioo chake alitaka kushuka, ikabidi wanawe Manyanda wamshike wamweleze. Treni aliiwahi, hilo tumelithibitisha.

Kilichobaki kilikuwa kidogo: jeneza, na mgomba ndani yake, lishushwe, basi. Manyanda alikuwa amesharidhika, amesimama pembeni na kofia zake mbili. Denis akampigia prodyuza Dar, akamweka sauti ya wazi ili kila mtu asikie. Akamweleza yote. Prodyuza akacheka sana, akasema kazi imekubalika, ile fomu ya majina imeshatumwa asubuhi, imechapwa mjini, imo kwenye faili la Denis. Ipigwe picha irudishwe kabla ya saa kumi, ofisi inafungwa.

Denis akafungua faili. Akamkabidhi Pudensiana fomu kwa mikono miwili, kama cheti.

Pudensiana alishuka na kidole. Mpishi. Dereva. Jenereta. Mwandishi.

Mbele ya neno mwandishi palikuwa pameshachapwa jina, kwa herufi kubwa. Halikuwa la Respicius. Halikuwa la Pudensiana pia.

Liliandikwa EMERENSIANA.

"Ah, ndiyo," prodyuza akasema kwenye simu, kwa furaha zake. Akaeleza kwamba Jumatatu mama mmoja alimpigia kutoka Inyonga, akaongea saa nzima, akasema maisha yale ni yake, mizinga ni yake, matusi yote ni ya kwake, binti wa kaka yake kazi yake ilikuwa kuandika tu. Prodyuza akaona ni haki. Na sasa kulibadilisha? Inawezekana, kwa nini isiwezekane, ilimradi mwenye jina atie sahihi kwamba ameliachia. Ila iwe kabla ya saa kumi.

Saa ya Denis ilisema saa tisa na dakika arobaini.

Pudensiana akageuka. Mkeka wa tatu ulikuwa mtupu. Kitenge hakikuwepo. Chupa ya chai ya kijani haikuwepo, kigoda hakikuwepo, na Manyanda alikuwa anatazama mawingu kwa makini sana, kama mfugaji anayengoja mvua.

"Mtani, Shangazi yuko wapi?"

Manyanda akamenya karanga. Alinyoosha tu fimbo, taratibu, kuelekea kaburini.

Na kutoka chini kule ikapanda sauti ya mwanamke, imetulia kabisa:

"Mwandishi, jina liko kwangu. Shuka tuongee namna ya kumfufua Mama Mizinga, na uje na fomu na kalamu."